Nywele za Mama Siku ya Kutoka Eda

Chokocho, Pemba
19 Aprili 2006

Kwa dada yangu Zuweina binti Humoud, Maskati.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote nakuulizia wewe mwenyewe, kisha shemegi, kisha wapwa zangu mmoja mmoja hadi yule wa kunyonya. Je, goti lako limepoa, au bado unaliacha likuambie mvua itanyesha lini huko kusikonyesha mvua? Sisi huku ni wazima wa miili, tunamshukuru Mola. Masika yameingia kwa vishindo, na paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja tangu ulipokuwa mwari, na kila mtu anasema litatengenezwa kesho. Shangazi Moza anakusalimu sana na anakukumbusha kile kitambaa cha baibui. Barua hii anakuja nayo Abrahman wa jirani, na nimeifunga kwa gundi juu na chini kwa sababu namjua, macho yake hayatulii.

Dada, wiki hii umepiga simu mara tatu kumtaka mama, na mara zote tatu nimepokea mimi. Ya kwanza nikakwambia amelala, ya pili yuko msalani, ya tatu ana mafua na sauti imemkauka. Sauti haijamkauka. Mama hataki kuzungumza na mtu tangu siku nne zilizopita, na sababu ni mimi. Ningekueleza kwenye simu, lakini simu ina haraka, na neno la aibu likishatoka mdomoni halirudi. Kwenye karatasi walau naweza kufuta mstari nikaanza upya. Ukiona pamefutwa, ujue hapo nilikuwa najitetea.

Tangu baba alipotuondokea, mama alikaa eda yake barabara, miezi minne na siku kumi, na hakimu wa eda hiyo alikuwa shangazi Moza. Unamjua shangazi, hata kuku wakikohoa anataka kujua wamepewa ruhusa na nani. Hakuna wanja, hakuna hina, hakuna udi, hakuna kutoka nje ya ua. Hayo tunayajua sote na hayana mgogoro. Lakini yeye akaongeza la kwake, kwamba mjane hashiki kitana. Alisema bibi yao alifanya hivyo, na kwamba anayechana nywele ndani ya eda anachana baraka za marehemu. Hakuna aliyemuuliza limeandikwa wapi. Mama hakubisha, na kusema kweli alilikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nilidhani amechoka tu kushindana na wifi yake. Siku ya tatu ya msiba akafunga kichwa kwa kitambaa cheupe, na tokea hapo hakuna aliyemwona nywele.

Mimi baada ya hitima nilirudi Unguja kazini, nikaja tena siku mbili kabla ya eda kumalizika. Nilipofika mama alinivuta chumbani akasema kichwa kinamuwasha na kimekuwa kizito, nimtazamie kama hana kidonda. Akafungua kitambaa. Wewe unazijua nywele za mama, akikaa zinagusa kiti. Wewe umezirithi, mimi nimerithi pua ya baba. Basi zile nywele zote zilikuwa zimekuwa kitu kimoja, donge kutoka kisogoni hadi mgongoni, zimeshikana kama kumbi la nazi, na pembeni vishungi vidogo vidogo vimejisokota vyenyewe. Akaniuliza, "Nnyele zangu zimekuwaje, Nassor?" Nikamwambia zimetatizana kidogo tu. Nikamfunga tena kitambaa.

Hapa inabidi nisimame nikwambie jambo ambalo nimekuficha miaka sita. Chokocho nzima inajua kuwa mimi ni karani wa stoo katika hoteli ya Paje. Baba alikuwa akiwaambia wenzake msikitini kwamba mwanawe ndiye anayeshika funguo. Funguo hizo nilizishika miezi miwili, dada. Baada ya hapo nilihamia kwenye kibanda cha makuti kando ya barabara ya ufukweni, kwa mtu wa Micheweni anayeitwa Kificho, na kazi yangu tangu hapo ni kuwatengeneza watu rasta. Ndiyo, rasta, zile zile ambazo baba akizisikia hutema mate. Kificho amenifundisha, na mimi, bila kujisifu, nimemshinda.

Usifikiri ni kazi ya kukaa na kuzembea. Kila kichwa kina mlango wake. Mwenye nywele ngumu za kujikunja kama za watu wengi wa kwetu, unamgawa kichwa vyumba vidogo kwa ncha ya kitana, kila chumba unakisokota kwa vidole na utomvu wa mshubiri mpaka shina likubali, kisha unamwita tena baada ya wiki tatu kusokota upya, na tena, na tena. Wapo wanaotia nta. Mimi siipendi, inakusanya vumbi na haioshwi ikatoka. Asiye na subira unamsuka visuko vya nyuzi tatu tatu, ukamwambia asifumue, jasho na maji ya chumvi vitamaliza kazi, ila rasta zake hutoka bapa. Mwenye nywele fupi unachukua kipande cha blanketi la sufu unamsugua kwa kuzungusha, pole pole, mpaka zinajikusanya vijipira. Wazungu ndio shughuli, maana nywele zao zinateleza. Hao unawachana kinyume, kutoka nchani kurudi kichwani, mpaka zinarundikana, kisha unaingia na sindano yenye kulabu, ile ya kufumia vitambaa vya makochi, unavuta uzi ndani unautoa nje, kutwa nzima. Wanalia machozi na wakimaliza wanakukumbatia. Na iko njia moja ya mwisho, ambayo Kificho anaiita njia ya Mungu, nayo ni kuacha. Hushiki kitana, husokoti, hutii kitu, unasubiri tu. Hiyo ndiyo ya polepole kuliko zote, na ndiyo ngumu zaidi kuifungua, kwa sababu haina ramani.

Maana na kufungua pia tunafungua. Msichana anarudi kwao kuolewa, kijana anaitwa kwenye usaili wa kazi ya serikali, wote wanakuja mbio. Watu wanasema rasta dawa yake wembe. Si kweli, dawa yake ni mafuta ya nazi, maji ya vuguvugu na makalio ya kukaa. Unaanza nchani, kamwe usianze shinani, unavuta unywele mmoja mmoja kwa kulabu. Nimefungua kichwa chenye rasta za miaka tisa, dada, na mwenyewe akaondoka anajichana. Kwa hiyo mama alipofungua kile kitambaa, mimi sikuwa na la kujiuliza. Nilijua ile ni njia ya Mungu, nilijua ni kazi ya siku tatu, na kulabu ilikuwa kwenye mkoba wangu, imefungwa ndani ya soksi.

Utaniuliza kwa nini sikusema siku ile ile. Nami nimejiuliza mpaka nimechoka kujijibu. Baba alikuwa akisema, "Ntu asofikisha maji kichwani, sala yake yafika wapi?" Amekufa akiamini zile funguo. Siku ya maziko yake Kificho alitaka kuja kunishika mkono, kapanda boti mpaka Mkoani, na mimi nikampigia simu nikamwambia arudi, kwa ajili ya kichwa chake. Mtu wa kumfukuza rafiki yake matangani hawezi kukurupuka mbele ya mashangazi akasema nipisheni, mimi ni fundi. Nikajiambia watachana wenyewe. Nikajiambia labda donge si baya kama nilivyoliona. Nilijiambia mengi.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa tangu asubuhi, pilau imeinjikwa, nguo mpya ya mama imefukizwa. Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba na ndoo ya maji ya kuogea. Shangazi akafungua kitambaa, na kelele zilizotoka humo, wanaume waliokuwa barazani walisimama. Wakaingiza kitana, kikavunjika meno. Wakaingiza cha pili, kikabaki humo humo. Shangazi akatoa hukumu yake kwamba josho halitimii maji yasipofika kwenye shina la nywele, na leo ndiyo siku, haina kesho, basi zikatwe. Mama akakataa. Mama yetu, dada, aliyekaa na wifi yake miaka yote ile bila kumpinga hata chumvi ya mchuzi, alisema, "Msinikate. Bora n'kae eda mwaka." Wakadhani huzuni imemgusa akili. Shangazi akamuuliza anazitunza kwa ajili ya nani sasa, na kuna waliocheka.

Hapo mama akaniita. Aliniona pale mlangoni, akanitazama usoni, akaniuliza, "Nassor, mwanangu, hakuna njia?" Wote wakageuka. Nami nikajibu, "Mie n'najua nini na nnyele za wanawake, mama." Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayo hayo, na nikaweka ndoo chini nikatoka.

Nilisikia mkasi kutokea uani. Nywele nyingi zikikatwa kwa pamoja hazilii kwa wepesi, mkasi unasaga. Mama aliomba kitu kimoja tu, wampe nywele zake. Shangazi akasema nywele za mtu huzikwa, haziwekwi ndani zikachezewa na mashetani, akalifunga lile donge kwa karatasi ya kaki akanikabidhi nikalifukie nyuma ya jiko. Baada ya chakula akafika Mwalimu Mwanapili kutoka Mkoani kusoma dua. Alipomwona mama na kichwa kile, akauliza kulikoni, wakamweleza. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kilichokatazwa ni kujipamba, si kujisafisha, na kwamba kitana hakijawahi kumharamikia mjane. Shangazi akakumbuka kwamba pilau inataka kutazamwa. Mimi nilibaki na karatasi yangu mkononi.

Sikulifukia, dada. Sasa ndio nafika kwenye neno lenyewe.

Nilijifungia kwenye banda la karafuu, nikasema nalitazama paa. Siku tatu, tangu jua kutoka mpaka magharibi, nilikaa na lile donge mapajani, na chupa ya mafuta, na kulabu. Nilijisemea kwamba sikuweza kumwokoa kichwa, basi nitampelekea nywele zake zimefunguka, laini, zimechanwa, aone kwamba mwanawe anajua kitu. Na Mungu anisamehe, nilifurahi. Kazi ilikuwa nzuri. Hapakukatika unywele ambao ningeweza kuukwepa. Mama alipita mara moja pale mlangoni akaniuliza zile nywele zake ziko wapi, nikamwambia zipo, nitamletea. Akasema, "Niletee." Nikamwambia kesho, inshallah, maana nilikuwa sijamaliza.

Siku ya tatu, katikati kabisa ya donge, nilikuta kisuko. Kisuko cha nyuzi tatu, kinene kama kidole gumba, kimekwenda upande. Uzi mmoja mnene, mbili nyembamba, juu kimelegea na chini kimekazwa hata kinauma, na nchani kimefungwa kwa uzi wa gunia. Nilicheka peke yangu. Nilisema huyu ni binti gani amejifunzia kusuka juu ya kichwa cha mama. Nikakata ule uzi, nikakifumua, haikunichukua hata muda wa kunywa chai. Nikachana zote pamoja, zikalala sawasawa, mkono mzima na zaidi.

Nilimpelekea mama baada ya sala ya alasiri. Nikapiga magoti, nikamweleza kila kitu, stoo, Paje, Kificho, rasta, na kwamba siku ile njia ilikuwapo na mimi niliijua. Nilikuwa tayari anilaani. Hakunilaani. Hata habari ya stoo haikumshtua, akasema tu kwamba karani gani ana mikono yenye sugu za namna hii. Kisha akazichukua zile nywele akaanza kuzipapasa, kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia, akazigeuza, akapapasa tena. Akaniuliza, "Na kile kisuko ki wapi?"

Dada, ni baba aliyekisuka. Jumatano, siku moja kabla hajafa, baada ya alasiri, alipata nguvu kidogo akataka akalishwe. Akamwambia mama amgeuzie mgongo. Hajawahi kusuka nywele maishani mwake, anajua kufunga magunia ya karafuu tu, na mama anasema alimvuta mpaka machozi yakamtoka na wote wawili walikuwa wanacheka. Akakifunga kwa uzi aliokuwa nao mfukoni. Akamwambia, "Haya, nimekusuka mie. Atokifumua n'tanjua." Alfajiri akafariki. Ndiyo maana mama aliipokea ile hukumu ya shangazi ya kutoshika kitana kama zawadi. Ndiyo maana alisema asikatwe, na akishakatwa apewe. Kwa nini hakusema? Nilimuuliza. Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya mtu na mumewe, angeyasemaje mbele ya wifi zake.

Nililia mbele yake kama mtoto. Alinisubiri nimalize, akanirudishia zile nywele, akasema, "Kisuke tena."

Nikakisuka. Akapapasa akasema, "Hichi chako." Nikafumua. Nikasuka tena, uzi mmoja nikaufanya mnene. Akasema, "Chako." Nimesuka kwa mkono wa kushoto. Nimesuka kwa kufumba macho. Nimelegeza juu, nimekaza chini, nimefunga kwa uzi wa gunia. Nimempigia Kificho nikamueleza, naye kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kunifundisha. Mikono yangu inanyoosha, dada. Hata nikikusudia kukosea, nakosea kwa mpango, na vidole vya mama vinajua. Leo ni siku ya nne. Kila siku ikishatoka sala ya alasiri ananiita, hanigombezi, ananipa tu zile nywele. Ukiacha hilo la "Hichi chako", hazungumzi na mimi wala na mtu mwingine.

Sikuandikii unipe dawa, najua huna. Nakuandikia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na siwezi kulibeba hili peke yangu. Ukipiga simu usimwambie kuwa nimekuandikia. Usimgombeze shangazi pia, tangu siku ile anapika kila siku kile anachopenda mama na hakiliwi. Nisalimie shemegi, wabusu wapwa zangu, na yule wa kunyonya mwambie mjomba anamtamani. Watu wote wa Chokocho wanakusalimu, wazima na wanaojikongoja. Ningependa kuandika zaidi, lakini wametoka kusali sasa hivi, na mama ananiita.

Wasalaam,
mdogo wako,
Nassor Humoud